Si fonti. Narudia, si fonti

Juzi tena. Nimetumiwa picha ya skrini ya katalogi ya maktaba, neno Gĩkũyũ limetokea "Gäikäuyäu", na chini yake kijana wa IT ameandika, "hiyo ni fonti tu, weka nyingine". Jamani. Mwaka huu nimeshaacha kuhesabu.

Kazi ya fonti ni kuchora. Fonti ikikosa herufi utaona kiboksi kitupu, huwezi kuona ä imejikalia kwa raha zake mahali ambapo hakuna mtu aliyeiweka. Rekodi hiyo imeandikwa kwa MARC-8, usimbaji wa zamani wa maktaba (usimbaji ni utaratibu wa kuwakilisha herufi kwa namba, yaani baiti), na humo alama ya wimbi ni baiti E4 inayotangulia KABLA ya herufi yake, sasa programu yenu imeisoma kama Latin-1, usimbaji wa lugha za Ulaya Magharibi, ambako E4 ni ä. Basi. Hakuna kilichopotea hapo, data iko palepale, imesomwa vibaya tu.

Halafu kuna wanaosema MARC-8 ni takataka za wazee. Hao ndio wananichosha kabisa. Latin-1 yenyewe haina ĩ wala ũ! Ina ã, ñ na õ, imeishia hapo. Hao wazee mnaowacheka waliweza kuandika Gĩkũyũ na mawimbi yake yote, Latin-1 yenu haiwezi mpaka leo.

Tena magonjwa hayafanani. Ukiona "GÄ©kÅ©yÅ©" hiyo ni UTF-8 (namna ya kuandika Yunikodi, usimbaji wa kisasa wa lugha zote, kwa baiti) iliyosomwa kama Latin-1, kesi nyingine kabisa. Ukiona "G̃ik̃uỹu", yaani mawimbi yamehamia kwa jirani wa kushoto, hapo kuna mtu kageuza baiti akasahau kwamba Yunikodi inataka alama ije BAADA ya herufi. Ukimpa huyu dawa ya yule ndio unaiharibu rekodi kwelikweli.

Cheki lida, yaani herufi za mwanzo kabisa wa rekodi, nafasi ya 09: ikiwa wazi ni MARC-8, ikiwa na a ni Yunikodi. Ila usiiamini sana, nimekuta watu wameandika hiyo a kwa mkono wakidhani tayari wamebadilisha usimbaji. Na tafadhali usifungue faili la MARC (muundo wa rekodi za maktaba) kwenye Notepad ukaanza kurekebisha neno mojamoja, urefu wa kila fildi umehesabiwa kwa baiti, ukiongeza moja tu zinazofuata zote zinasogea.

Ninachokwama mimi ni utafutaji. Rekodi ikishageuzwa vizuri, ĩ inatoka vipande viwili, i na wimbi lake, wakati kibodi ya msomaji inaleta ĩ moja iliyoungana, kwa macho ni zilezile lakini kwa faharasa, ile orodha ambayo mashine inatafutia maneno, ni vitu viwili. Nikaamua faharasa ivue alama zote, ukiandika "gikuyu" unapata kila kitu. Inafanya kazi. Lakini kwa Gĩkũyũ i na ĩ ni irabu mbili tofauti, na kuna mzee alikuja kaunta akaniuliza kwa nini mashine inamletea maneno ambayo hakuyaandika. Nikamwambia shikamoo, nikababaika weee. Mpaka leo sijaibadilisha.