Kwa nini watoto wenye pumu hujaa hospitalini kila Septemba?

Chora grafu ya watoto wa shule wanaolazwa kwa dharura nchini Kanada kwa sababu ya pumu. Julai na Agosti mstari umelala chini. Halafu, wiki mbili tatu baada ya Septemba kuingia, unapanda ghafla kama mlima, na mlima huo hurudi mwaka baada ya mwaka palepale: wiki ya 38 ya mwaka. Kati ya watoto wote wa umri huo wanaolazwa kwa pumu kwa mwaka mzima, asilimia 20 hadi 25 hulazwa mwezi huo mmoja.

Kwetu mtoto akibanwa kifua, wa kwanza kulaumiwa ni baridi, wa pili ni vumbi. Lakini Septemba ya Toronto watu bado wanatembea na mikono mifupi. Kama mkosaji ni baridi, mbona mlima hausimami Januari, theluji ikiwa magotini?

Neil Johnston wa Chuo Kikuu cha McMaster na wenzake walihesabu siku kuanzia Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo Kanada huangukia Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kwa kawaida shule hufunguliwa kesho yake. Kilele kilikuja takriban siku 17 au 18 baadaye. Watoto wadogo wasioanza shule walifuata kwa siku kama mbili nyuma, na watu wazima kwa siku kama sita, ingawa milima yao ni mifupi. Yaani ugonjwa unatoka darasani na kuingia nyumbani. Na Scotland, ambako shule hufunguliwa katikati ya Agosti, kilele huwahi kuliko England.

Kinachobebwa kutoka darasani ni mafua tu, hasa yale ya rinovirusi. Mmoja anafuta kamasi kwa kiganja, anaazima penseli ya jirani, jirani anajisugua jicho. Kwa wengi ni siku chache za kupiga chafya. Kwa mwenye pumu, njia za hewa tayari zina uvimbe. Kirusi kinauchochea, misuli inajikaza, makohozi yanaziba nafasi iliyobaki. Utasikia filimbi kifuani, utaona ngozi katikati ya mbavu ikizama kila anapovuta pumzi, na ukimuuliza kitu hamalizi sentensi. Hapo hakuna kusubiri kesho.

Basi mbona wasiugue hivyo muhula mzima? Likizo ndefu ina mkono wake. Uingereza mtoto mwenye pumu mara nyingi huwa na pampu mbili: ya bluu, inayofungua kifua kwa dakika chache, na ya kahawia, ya kuzuia, ambayo lazima ivutwe kila siku na huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kabla ya kushika sawasawa. Likizoni mtoto anacheza, hakohoi, na ile ya kahawia inasahaulika kwenye droo. Nani humeza dawa akiwa mzima? Agosti idadi ya wanaochukua dawa hizo hushuka, kisha kengele inalia.

Mwaka 2013 watafiti England walijaribu dawa rahisi: barua. Madaktari wa mitaa waliwaandikia wazazi kabla ya Agosti kuwakumbusha wachukue dawa. Wazazi wengi zaidi walizichukua kweli, lakini mlima wa Septemba haukusawazika. Nafuu kidogo ilionekana hesabu ilipoendelea hadi Desemba. Nadhani barua haishindani na darasa zima lenye mafua.

Wazee nao wana mlima wao, wa pumu na wa magonjwa sugu ya mapafu, ila wao husubiri wiki ya Krismasi. Wanaoshukiwa ni walewale: wajukuu wamekuja kusalimia, pua zinavuja.