Punda mkorofi hahitaji bwana mkali

Wiki mbili zilizopita alinijia mzee mmoja na punda dume wa miaka kama minane, kamfunga kamba mbili. "Daktari, huyu amenishinda. Nitafutie mtu mkali wa kumchukua."

Neno hilo "mkali" nimelisikia mno mwaka huu, Lamu mjini, Matondoni, hata kwa watu wa Pate wanaovuka na mashua. Na nikiuliza kwa nini awe mkali, napigiwa methali: punda hawendi ila kwa kigongo. Methali za wazee nazipenda, lakini hii imeumiza wanyama wengi sana na nimechoka kuisikia.

Farasi akiogopa hutoka mbio. Punda sivyo. Asili yake ni punda-mwitu wa nchi kame za Pembe ya Afrika, mnyama anayeishi ametawanyika na wenzake, na akikuta hatari husimama kwanza akaitazama na kuipima. Kusimama huko ndiko tunakokuita ukaidi. Ukimpiga hapo umemthibitishia kwamba hatari ipo kweli, na kesho atasimama mapema zaidi. Ukiendelea kumpiga kila siku, mwisho hubakiwa na njia mbili tu za kujitetea: meno na miguu. Hapo tena bwana wake analalama kuwa shukrani ya punda ni mateke.

Halafu kuna maumivu, na punda ni hodari wa kuyaficha. Mimi simtafutii punda makao mapya kabla sijamfungua mdomo. Taya lake la juu ni pana kuliko la chini, basi magego yakilika huacha ncha: za juu zinakwangua shavu, za chini zinakata ulimi. Punda wa namna hiyo ukimvuta kamba atarusha kichwa, na mwenyewe ataapa kuwa ni kiburi. Dawa yake ni tupa ya kusagia ncha hizo na nusu saa ya kazi. Kisha nainua kwato moja moja, kisha napitisha kiganja mgongoni polepole, maana vidonda vya shogi, tandiko la mizigo, hujificha chini ya manyoya na vumbi.

Dume la yule mzee lilikuwa na kidonda ukubwa wa kiganja, upande wa kushoto. Kumbe alikuwa anauma watu wanaomjia kwa kushoto tu. Kwa kulia ukimjia alitulia, hata sikio alikuachia umkune. Mwenyewe amekaa naye miaka miwili hajaliona hilo. Mifuko miwili ya saruji ni kilo 100, zaidi ya nusu ya uzito wa punda wetu wengi, na alikuwa anapakiwa mzigo huo juu ya jeraha. Mtu mkali angemwongezea nini?

Makao ninayomtafutia punda kama huyu ni kwa mtu mtaratibu, mwenye punda wengine, mwenye mizigo myepesi, asiye na watoto wadogo wa kutumwa kumfunga. Na awe radhi kumpumzisha majuma ya mwanzo bila kunung'unika.

Wako wanaonipinga. "Ukitaja kasoro zake hapati mnunuzi." Atachelewa kumpata, ndiyo. Lakini ukificha, mnunuzi atamtuma mwanawe amvishe kamba kwa kushoto, na mtoto ataumwa. Punda atauzwa mara ya pili, mara ya tatu, kila mara bei ikishuka, mpaka aangukie kwa dalali wa ngozi. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Uamuzi huo haumfikii punda aliyeuzwa usiku kwa mtu usiyemjua.

"Mhasi, kesho atakuwa mpole." Si kesho. Homoni huchukua majuma kadhaa kupungua, na mwezi wa kwanza bado anaweza kupandisha, kwa hivyo mtenge na majike. Tabia aliyokwisha kuizoea haiondoki kwa kisu. Muhasi, tena akiwa kijana ndiyo bora, lakini usiniletee kisu mahali pa malezi.

"Mpeleke peke yake, mnyama hana mawazo." Hili ni la hatari. Punda akitengwa na mwenzake anaweza kususa kula, na punda asiyekula mwili wake huachia mafuta kwenye damu mpaka ini na figo zikashindwa. Anaweza kufa katika siku chache. Basi wauzwe wawili, au aende mahali ambapo kuna mwenzake anayemngoja. Akikataa chakula siku nzima niite, usingoje ya pili.

Nanyi mnaonunua, nendeni asubuhi kabla punda hajatoka kwenda kazini. Mkiletewa jioni, ameshafungwa na kupakiwa, mtakachokiona ni uchovu, na wengi huudhania kuwa ni upole. Omba umkamate mwenyewe, umvishe shogi mwenyewe, uinue miguu yote minne. Mwenye punda akikataa, rudi nyumbani na pesa zako.

Yule dume nimempatia mtu Kipungani, mchukuzi wa nazi na makuti, na tumemhamisha pamoja na jike aliyekuwa akilala naye. Ni majaribio ya siku 14, asipomfaa anarudi kwangu, harudi sokoni. Masharti nimemwandikia kwenye karatasi: shogi asimvishe mpaka ngozi imefunga na kuota manyoya, kamba ya zamani aende nayo ileile, na kwa sasa kila mtu amwendee kwa kulia.