Kwa nini Wahindu humpa kunguru chakula kabla watu hawajala?

Kwa mtu aliyekulia Mombasa, Unguja au Dar, kunguru hana heshima. Ndiye mnyakuzi wa vitumbua mikononi mwa watoto, mdonoa vifaranga, mpiga kelele kabla ya adhana ya alfajiri. Sasa mtazame mama wa Kigujarati, mwezi wa Septemba, amepanda juu ya nyumba na sahani. Ndani kuna dudhpak, maziwa yaliyopikwa na mchele, sukari na iliki mpaka yakawa mazito, na pembeni puri za moto. Anaweka sahani ukingoni, anarudi nyuma kidogo, anaita: "Kaag! Kaag!" Chini jamaa wana njaa na harufu ya samli imejaa ngazini, lakini hakuna anayegusa kitu mpaka yule ndege adonoe.

Kwa imani yao anayekula pale si kunguru. Ni baba aliyefariki, au babu, au bibi.

Kipindi chenyewe huitwa Pitru Paksha, nusu mwezi ya wazee waliotangulia. Huanza mwezi ukiwa mpevu na kwisha usiku ambao hauonekani kabisa, mara nyingi Septemba, pengine kuingia Oktoba. Mwaka 2025 kilianza tarehe 7 Septemba, usiku uleule tuliouona mwezi ukipatwa na kugeuka mwekundu huku kwetu, kikaisha tarehe 21. Nyuma yake hupita sherehe za Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, mbele yake inakuja Navaratri, sikukuu ya siku tisa, na dandia zake, ngoma za fimbo. Katikati ni kimya: hakuna harusi, hakuna kuhamia nyumba mpya, na wauza dhahabu hukaa tu wakipiga miayo.

Lakini ndege wote hawa, kwa nini kunguru?

Kisa kimo katika sehemu ya mwisho ya Ramayana, utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu. Mfalme Marutta alikuwa anatoa kafara, na miungu wamekuja kama waalikwa, mara akatokea Ravana, jitu la vichwa kumi. Miungu wakatafuta pa kujificha. Indra akajigeuza tausi, Varuna bata bukini, Kubera kinyonga. Yama, bwana wa wafu, akaingia katika umbo la kunguru. Ravana alipokwenda zake, kila mungu alimlipa fadhila mnyama aliyemsitiri. Tausi alipewa yale macho ya mkiani. Kunguru aliahidiwa kwamba maradhi hayatampata, na kwamba wafu wenye njaa kule kwa Yama watashiba kila atakaposhiba yeye. Hapo ndipo alipopata haki ya kula kwanza.

Ibada yenyewe, shraddha, ina mengi kuliko kunguru. Mtoto wa kiume hukaa akielekea kusini, upande wa Yama. Uzi mtakatifu, ambao siku zote hulala bega la kushoto, huuhamishia la kulia, maana mambo ya wafu huenda kinyume na ya miungu. Kidoleni huvaa pete iliyosokotwa kwa jani la kusha, nyasi takatifu. Kisha humimina maji yenye ufuta mweusi, na hapa pana jambo dogo linalonivutia. Maji ya miungu hutoka kwenye ncha za vidole; ya wazee hupita kati ya gumba na kidole cha shahada. Jaribu kwa kiganja chako. Mkono unalazimika kuinama upande, kama vile unamnywesha mtu aliyeketi ubavuni pako.

Baada ya maji huja pinda, matonge ya wali au unga wa shayiri yaliyochanganywa na ufuta: moja la baba, moja la babu, moja la baba wa babu. Watatu basi. Baba akifa anaingia kwenye safu, na aliyekuwa juu kabisa anatoka, hadai tena tonge lake.

Kila marehemu ana siku yake kwa hesabu ya mwezi. Aliyefariki siku ya tano hulishwa siku ya tano ya kipindi. Waliokufa kwa ajali au kwa silaha wana siku ya kumi na nne. Ile ya mwisho ni ya wote, pamoja na wale ambao hakuna ajuaye walikufa lini. Tukiulizana huku kwetu tarehe aliyofariki baba wa babu, wengi tungesubiri siku hiyo ya mwisho.

Na kunguru akigoma? Watu wa Maharashtra, jimbo la magharibi mwa India, wana jibu. Huko, siku ya kumi baada ya kifo, tonge huwekwa nje na jamaa husubiri kunguru aliguse. Asipokuja, watu wanaanza kunong'onezana: marehemu ameondoka na jambo moyoni. Basi mmoja husema kwa sauti, macho yakiwa mtini, kwamba mdogo wake atasomeshwa, au lile deni litalipwa, au mjane hatatolewa nyumbani. Ahadi hutolewa moja baada ya nyingine mpaka ndege ateremke. Akikataa katakata, hutengenezwa kunguru wa majani ya kusha, anagusishwa kwenye tonge, na watu wanakwenda nyumbani.

Kila mwaka huzunguka ujumbe WhatsApp unaodai haya yote ni sayansi: ati huu ndio msimu wa kunguru kutaga, na ati mbegu za mikuyu mitakatifu ya India haziwezi kuota bila kupita tumboni mwake. Si kweli. Kunguru wa India hutaga zaidi kati ya Aprili na Julai, na mbegu hizo husambazwa na popo na ndege chungu nzima. Sioni kwa nini imani iombewe cheti cha maabara.

Ajabu ni kwamba jirani wa ukuta mmoja, Mgujarati vilevile, huenda asiweke sahani yoyote. Ni Mjaini, mfuasi wa dini nyingine ya kale ya India. Siku chache tu zilizopita alimaliza Paryushan, siku nane za toba ambazo wengine hufunga bila kula kabisa, wakinywa maji yaliyochemshwa na tena mchana tu. Siku ya mwisho huwaendea jamaa, majirani, hata wafanyakazi wake, na kusema "Micchami dukkadam": mabaya yangu na yabatilike. Lakini baba yake marehemu hampelekei chakula. Kwa mafundisho yao, roho ikitoka katika mwili huu huingia mwingine papo hapo, haikai njiani na njaa. Yule baba sasa ni mtoto wa mtu mahali fulani, au kiumbe kingine kabisa, na ana chakula chake huko.

Tukirudi kwa kunguru wetu wa pwani, yule mwenye shingo ya kijivu: naye asili yake ni India. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka, akazaana, akavuka hadi bara. Kwa hiyo familia ya Kihindu ya Mombasa haihangaiki kumtafuta mgeni wa shraddha. Anayehangaika ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), kwa kuwa kunguru huyu anamaliza ndege wa asili. Mapema 2024 lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kwa sumu.

Kuna sharti moja katika ahadi ya Yama nililoliruka pale juu. Alimwambia kunguru kwamba asiogope kifo kutoka kwake. Ataishi mpaka siku binadamu watakapomuua.