Ufunguzi wa Grob (1.g4): dhana potofu na ukweli wake

Katika mchezo wa sataranji (chesi), Mweupe akianza kwa kumsukuma askari wa safu ya g viraba viwili hadi g4, watazamaji wengi hucheka. (Herufi hutaja safu, a hadi h kutoka kushoto kwa Mweupe; namba hutaja mstari, 1 hadi 8 kutoka upande wake.) Huo ndio ufunguzi wa Grob, nao umezushiwa mengi.

Dhana: anayeanza na g4 anakufa hatua ya pili

Hofu hii inatokana na chekimeti (shambulio ambalo mfalme hawezi kulikwepa) fupi kuliko zote: g4, e5, kisha f3 au f4, malkia mweusi anatua h4, mchezo umekwisha. Lakini kosa hapo ni la askari wa f. Asipoguswa, chekimeti hiyo haipo.

Dhana: lengo ni kumvamia mfalme upande wa g na h

Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Mweusi anajibu d5, Mweupe anamweka askofu g2 na kumwacha askari wa g4 bila mlinzi. Askofu wa c8 anashuka kumla. Sasa tazama alikotoka: b7 haina tena wa kuilinda. Mweupe anasukuma c4. Mweusi akimla askari huyo, askofu wa g2 anakata mshazari mzima hadi b7, na ngome ya a8 imo hatarini. Akijikinga kwa c6, Mweupe anakula d5, analiwa, kisha malkia wake anakwenda b3 na kugusa b7 na d5 kwa pamoja. Kwangu mimi huu ndio uzuri wa Grob: unaanzia kulia, unauma kushoto.

Mweusi mtulivu bado ana dawa. Baada ya kula c4 na kupoteza b7, analeta farasi d7 na kuiachia ngome; malkia wake anamla askofu pale a8, na papo hapo anaikabili ngome ya h1.

Dhana: Henri Grob ndiye aliyeubuni, tena unafaa mechi za dakika chache tu

Ulishajulikana karne ya 19 kwa jina la Mjerumani Carl Ahlhausen. Grob (1904–1974), bingwa wa Uswisi mara mbili na pia mchoraji, aliuchambua kwa kina na kuucheza katika mamia ya mechi za posta, ambako mpinzani ana siku kadhaa za kufikiri. Baadaye Mwingereza Michael Basman aliutumia katika mashindano.

Dhana: basi ni ufunguzi mzuri

Hapana. Kati ya hatua 20 anazoweza kuanzia Mweupe, kompyuta huiweka hii mkiani. Inadhoofisha f4 na h4, na mfalme hapati maficho salama upande huo. Tena Mweusi halazimiki kula upesi. Baada ya d5, acheze c6 kwanza: d5 inalindwa, mshazari unazibwa, na tishio la kula g4 linabaki palepale. Mweupe hulazimika kutumia hatua nyingine, mara nyingi h3, kumlinda askari wake, na Mweusi anasukuma e5 na kushika katikati ya ubao kwa askari wawili.