Kitani Kinachojifanya Kimetariziwa

Wiki iliyopita nililetewa pazia la kitani kutoka nyumba moja ya Uingereza. Shina linajipindapinda, majani mapana kama kiganja, ndege juu, vilima vidogo chini. Mwenyewe aliamini ni tarizi ya karne ya 17. Nikaligeuza. Nyuma hapakuwa na fundo wala ncha ya uzi, ila kivuli cha rangi tu. Kumbe zile “shono” za mbele ni vistari vilivyochapwa kuiga uzi wa sufu.

Mtindo huu huitwa Jacobean, kutokana na Jacobus, jina la Kilatini la Mfalme James wa Kwanza, aliyetawala Uingereza kuanzia 1603 hadi 1625. Jina lenyewe linapotosha kidogo, maana tarizi nyingi za majani haya makubwa zilishonwa baada yake, kuelekea mwisho wa karne. Hata huo mti si wa Kiingereza mtupu: una undugu na vitambaa vya pamba vilivyopakwa rangi India, ambavyo navyo mafundi walivichora wakifuata matakwa ya wanunuzi wa Ulaya.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walipenda tena vyumba vyenye kuta za mbao za mwaloni, wakataka mapazia ya kuendana navyo. Kutarizi pazia zima ni kazi ya miezi. Kuchapa ni rahisi zaidi. Kampuni kama G P & J Baker, iliyoanzishwa 1884, zilichota michoro kutoka vitambaa vya kale. Kitani kilifaa mno: kinastahimili makalio ya watu kwenye makochi, na nyuzi zake, nene hapa nyembamba pale, hukipa sura ya uzee tangu kikiwa kipya.

Kama kimechapwa kwa vibao vya mbao, tafuta vitone vya pini vilivyomwonyesha mchapaji pa kuweka kibao kinachofuata. Halafu mfuate ndege mmoja. Akirudi mbele akiwa amepinda shingo vilevile, hiyo ni chapa. Aliyezoea kukagua mji na pindo za kanga ataliona hilo haraka kuliko wanafunzi wangu.

Mwenye pazia aliuliza kama alitupe. La hasha! Nilifumua upindo wa chini kwa kidole kimoja nikamwonyesha ndani, mahali ambapo jua halikuwahi kufika: nyekundu iliyokolea, ilhali nje imebaki rangi ya chai.