Anga jeupe, rada inaona nini sasa?

Wengi wanadhani rada ya hali ya hewa bila mawingu au mvua haioni kitu, yani anga likiwa jeupe imelala tu. Kwa rada za kupima upepo sio hivyo. Chukua ile inayoitwa MU (kifupi cha Kiingereza, anga la kati na la juu) kule Shigaraki, Japani, imejengwa 1984, haina dishi la kuzunguka, ni antena 475 zimesimama uwanjani kama zile za tivii tulizofunga juu ya bati, zinatuma mawimbi ya megahezi 46.5 juu na hewa yenyewe ikivurugika, joto na unyevu vikipishana kidogo tu, inarudisha mwangwi hafifu mno. Masafa ya mwangwi yakibadilika wanajua hewa inasogea karibu na rada au inaondoka, wanaelekeza miale pande kadhaa, wanapata upepo wa kila kimo. Hadi ule unaopanda wima, ambao puto la kupimia hali ya hewa linahangaika kuupima.