Joto la Lamu halimtoshi mtoto wa paka

"Daktari, na joto hili lote, paka atapata wapi baridi?" Maneno hayo nimeyasikia Langoni, nimeyasikia Mkomani, na hadi Shela kwa wenye majumba. Kila anayeyasema ana kipaka mkononi ambaye macho hayajafunguka, na ukimtia ncha ya kidole kinywani unakuta baridi tupu. Kisha mtu huyo huongeza kwa furaha: "Lakini maziwa nishampa."

Hapo ndipo subira inaponiishia.

Mtoto wa paka wa wiki ya kwanza hawezi kujitengenezea joto la kumtosha. Hata kutetemeka hawezi. Joto la mwili wake akiwa mzima ni kama nyuzi 35 hadi 37, na hulipata kwa kulala juu ya tumbo la mama yake lenye nyuzi 38 na zaidi, huku amebanwa na ndugu zake pande zote. Mtoe hapo, mweke peke yake ndani ya boksi, naye ataanza kupoa papo hapo. Anachohitaji ni mahali penye nyuzi 30 au 32, mchana na usiku. Lamu tunazipata saa saba mchana, lakini usiku wa Julai kusi ikivuma hatuzipati. Na nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa kuta nene ili ndani kupoe, na kunapoa kweli: laza kiganja kwenye sakafu alfajiri uone. Halafu mtu anamweka kipaka kwenye sakafu hiyo hiyo, feni inazunguka juu yake. Wanaoniambia kwamba paka wa Lamu ni wagumu kwa kuwa ni kizazi cha paka wa Firauni, hizo ni hadithi za kuwasimulia watalii. Kipaka wa Firauni naye angekufa kwa baridi.

Kwa nini maziwa yamdhuru? Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35, matumbo hulegea, na ukizidi kupoa husimama kabisa. Maziwa uliyomtilia hayaendi popote. Hukaa, huchacha, tumbo hujaa gesi. Na kwa kuwa hata nguvu za kumeza amepungukiwa, mengine huingia mapafuni. Vipaka ninaoletewa wakiwa wamekufa mara nyingi wana matumbo yaliyojaa. Najua kwa nini watu hukimbilia maziwa: sote tumekua na hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga bila kumlisha. Nia ni njema. Lakini mpangilio ni huu: joto kwanza, maziwa baadaye.

Mtie kifuani, ngozi kwa ngozi, ujifunike leso. Au jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, izungushie taulo, uiweke upande mmoja wa boksi, ili akiona joto limezidi aweze kujivuta upande wa pili. Usimweke juani, usimtumbukize kwenye maji ya moto. Joto la ghafla nalo huua. Kumpasha kipaka aliyepoa sana huchukua saa nzima, pengine mbili, na hakuna njia ya mkato. Akiwa amelegea, mpake tone la maji ya sukari kwenye ufizi wakati unasubiri. Kinywa kikipata joto na akaanza kunyonya kidole chako kwa nguvu, sasa ndiyo nenda jikoni.

Na huko jikoni ndiko kwenye dhana ya pili, kwamba maziwa ni maziwa. La. Maziwa ya paka yana protini karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe. Ya mbuzi hayana tofauti kubwa na ya ng'ombe, ya ngamia vile vile. Maziwa mazito ya kopo ni sukari. Tui la nazi, ambalo nimeulizwa zaidi ya mara moja, libaki kwenye wali. Yanayofaa ni maziwa ya unga ya vipaka, nayo huagizwa Mombasa au Nairobi, yaje kwa basi hadi Mokowe kisha kwa boti. Wenye mazoea ya kuokota paka waweke kopo moja nyumbani. Kwa siku moja au mbili za kusubiri, maziwa ya ng'ombe yasiyotiwa maji, yaliyokorogwa na kiini kibichi cha yai bila ute, yatamvusha. Atakula kila baada ya saa mbili au tatu, na usiku umo.

Mlishe akiwa amelala kifudifudi, kama anavyonyonya kwa mama yake. Kumpakata chali mithili ya mtoto mchanga, kichwa nyuma, ni kumzamisha.

Kabla na baada ya kula, msugue taratibu chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Hawezi kukojoa wala kunya peke yake mpaka afikishe kama wiki tatu. Mama yake huifanya kazi hiyo kwa ulimi. "Hajanya tangu juzi, mpe dawa ya tumbo" si ugonjwa, ni uvivu wako.

"Ukimgusa, mama yake atamkataa." Si kweli. Mrudishe tu.

"Ametupwa." Una hakika? Paka jike huenda kutafuta chakula kwa saa kadhaa, na anapohama huwabeba watoto mmoja mmoja. Ukimkuta kipaka kwenye daka ya mtu, yaani baraza ya mlangoni, ana joto, ametulia, tumbo limejaa, muache. Nyunyiza unga wa ngano kuzunguka pale alipo, ondoka, rudi baadaye utazame kama kuna nyayo za mama yake. Mchukue bila kungoja akiwa baridi, analia mfululizo, au sisimizi wameshamvamia.

Macho hufunguka yenyewe kati ya siku ya 7 na ya 14, msiyafungue kwa vidole. Yakivimba yakiwa yamefumba na usaha ukitoka, hapo mlete.

Viroboto humnyonya kipaka damu hadi ufizi ukawa mweupe, kwa hiyo waondoe, lakini kwa kitana chenye meno ya karibu karibu. Poda ya mbwa na dawa za kupuliza zenye permethrini, kemikali ya kuua wadudu, ni sumu kwa paka wa umri wowote.

Mpime kila siku, saa ile ile, kwenye mizani ya jikoni. Anayezaliwa huwa na kama gramu 100, na aongeze angalau gramu 10 kwa siku. Asipoongeza siku moja, kagua joto na maziwa. Akipungua, usingoje kesho.

Kwenye wiki ya nne mwanzishie chakula laini: kuku wa kuchemsha aliyesagwa, au samaki aliyepikwa bila chumvi na bila miba. Samaki mbichi kila siku humpunguzia vitamini B1 mwilini, hata kama mvuvi wa jirani anampa bure.